Maana ya Baba Katika Chumba cha Mizani

Usiku wa jana niliota nikisoma tangazo lililobandikwa juu ya birika letu la chai: "Umma unaarifiwa kwamba, kuanzia asubuhi, jina lolote lililokosa maana humu ndani litachukua maana ya chumba kilicholiita mwisho. Mabirika yatatangulia."

Mwandiko ulikuwa wangu. Mimi huunda programu inayotekeleza maagizo ya Lisp, lugha ya kompyuta iliyojaa mabano, na mchana uliotangulia nilikuwa nimechagua kanuni hiyohiyo kwa sababu ilikuwa nyepesi kuiandika. Sikufikiri kwamba ingetoka nje ya kompyuta.

Binti yangu Siwema, mwenye miaka sita, anafungua mlango wa sebule na kuingia posta. Ninamfuata. Hakuna anayeshangaa.

"Namba saba!" inaita mizani ya vifurushi.

Siwema anasogea. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu," mizani inaitika. "Umepungua. Huli?"

"Mama ananipikia uji kila siku."

"Uji gani huo usio na uzito? Nitaongea naye."

Nilikwenda dirishani. Mhudumu alikuwa bano la kufunga, limevaa tai.

"Mheshimiwa, baba wa yule mtoto ni mimi."

"Nyumbani, ndiyo," lilisema bila kuinua macho. "Hapa ameitwa na mizani. Sisi humtafuta baba kwa mwitaji wa mwisho kwanza, kisha aliyemtangulia. Tumempata mara ya kwanza. Tuendelee kumtafuta wa nini?"

"Lakini Siwema ameandikwa nyumbani kwangu. Maana ya pale ndiyo yake."

"Basi angesafiri nayo. Ameifunga wapi?"

Hakuwa ameifunga popote.

"Kailete. Saa sita tunafunga."

Nilirudi nikaanza kuikunja nyumba. Mke wangu akatoa kichwa dirishani.

"Baba Siwema, nina vitumbua motoni! Anzia barazani huko!"

Nilianzia barazani. Nyumba ilipofikia ukubwa wa leso, niliitia ndani ya mkoba wa Siwema na kumkabidhi pale posta.

"Na baba yumo?" bano liliuliza.

Nilichungulia. Nilijiona humo nimeketi mezani, ninasoma gazeti. "Yumo," nikasema.

Siwema anainamia mkoba. "Baba?"

"Naam, mama," inajibu sauti yangu kutoka ndani.

Mshale wa mizani unashuka taratibu hadi sifuri. Siwema anacheka, anaufunga mkoba, ananipita bila kunitazama.

"Na mimi?" niliuliza.

Bano lilipiga muhuri, likasoma: "Imeamuliwa kwamba baba aliye mkobani ni halali. Aliye nje ya mkoba ataendelea kuwa baba vilevile, mahali popote ambapo hataitwa."

Niliamka. Kulikuwa kumekucha. Siwema alisimama mlangoni akiwa na sare ya shule, akanisubiri niketi vizuri kitandani, kisha akaniinamia kwa adabu anayowapa majirani.

"Shikamoo, Bwana Semhando."

"Marahaba," niliitika. Nilitafakari swali linalofuata, nikaona liko moja tu. "Baba yako hajambo?"

"Hajambo," alisema Siwema. "Anakusalimu."