Kichupa cha Dirishani

Vicky alipopoteza mimba ya tatu, majirani wa Mangobo walimwambia kazi ya Mungu haina makosa. Mama mkwe wake, Berthe, alikuwa na lake: tumbo la mwanamke huyu ni kaburi. Dada mkubwa wa Vicky, Sandrine, mtafiti wa maabara, aliyasikia hayo akaapa kumtafutia mdogo wake jibu.

Alihifadhi seli za yule mtoto aliyepotea, chache mno, za jaribio moja tu. Akaagiza kingamwili, dawa inayonasa protini moja na kuifanya ing'ae chini ya hadubini. Protini hiyo ndiyo huandaa kiuno cha kromosomu, pale zinaposhikwa seli inapogawanyika. Ikikosekana, kromosomu hugawanywa ovyo na mimba haifiki mbali. Sandrine alitaka kujua ipo au haipo, basi.

Kichupa cha dawa hiyo, isiyovumilia joto, kilifika maabara ikiwa haina umeme, akakihifadhi nyumbani kwa mama yao, kwenye friji ya sola. Wiki hiyo hiyo mjomba wao, tonton Zuberi, akafariki, na matanga yakawa hapo hapo. Nani hukumbuka friji wakati wa kilio?

Umeme uliporudi, Sandrine alikichukua kichupa akafanya jaribio. Giza. Hata seli za mtu mzima mwenye afya, alizoziweka kando kwa kulinganisha, hazikung'aa. Ndipo alipojua kwamba dawa ndiyo iliyokufa, na seli za mtoto zimekwenda nayo.

Alimkuta Vicky uani kwa mama yao akiosha sahani.

“Nani aligusa kichupa changu?”

“Ni miye, yaya,” Vicky alimjibu dada yake mkubwa. “Nilikachunga bien! Tulitosha inje vyote mu frigo juu ya kuweka mayi ya kunywa ya watu ya matanga. Kako nikakaweka pa dirisha, batoto basikaguse. Kilio ilipoisha, nikakarudisha.”

Dirisha lile hupigwa na jua tangu asubuhi. Sandrine alimtazama mdogo wake anayengoja kusifiwa. Amwambie nini? Kwamba amejizimia taa kwa mkono wake mwenyewe?

“Alors, ile jaribio imeonyesha nini?” Vicky aliuliza. “Ni miye niko na kosa?”

“Hapana. Si weye.”

Vicky alilia kwa furaha, machozi yakidondoka kwenye sahani. Kisha akafuta mikono, akainyoosha.

“Basi unipe foto, yaya. Niende kumuonyesha mama Berthe.”

Sandrine aliukumbatia mkoba wake. Picha ya jaribio ilikuwamo, moja tu, nyeusi kote.