Siku ya Bonge Kuruka

Anayetaka kuijua aibu, amchukue mfuga kuku ampitishe nyumba kwa nyumba awaombee mwewe. Mimi niliifanya kazi hiyo wiki mbili nzima, mwezi wa tisa, katika kota za kiwanda hapa Nyakato, na kila mlango nilianza kucheka mwenyewe kabla hawajanicheka.

"Mama Kashindye," jirani yangu Rebeka aliniambia siku ya kwanza, mikono kiunoni, "kuku wa maskini hatagi, akitaga haangui, akiangua huchukuliwa na mwewe. Sasa wewe umeona mwewe anachelewa, umeamua kumfungulia mlango?"

"Si mwewe. Ni kozi."

"Anakula nini?"

Hapo nikacheka mwenyewe. Chakula chake hasa ni njiwa, lakini kifaranga akijipitisha mbele yake hamkatai, na mimi si mtu wa kumdanganya Rebeka akiwa mlangoni kwake.

Habari yenyewe ni hii. Kinu cha nafaka cha Mzee Chandulal kina mnara mrefu wa zege, na juu kabisa, chini ya paa, pana ukingo mwembamba. Kozi wawili, dume na jike, wametaga hapo miaka miwili mfululizo. Mjukuu wa mzee, Riddhi, ni daktari wa mifugo, na ndiye aliyetukusanya sisi wa kujitolea: yeye mwenyewe, Nestory, mlinzi mstaafu wa kinu, mwenye darubini na subira ya kuitumia, na mimi, ambaye uwanja wangu uko mkabala na mnara. Kazi ni ya wiki tatu tu kwa mwaka, makinda wanapojifunza kuruka. Kinda akijitupa mara ya kwanza huwa hajui kona wala breki. Huangukia barabarani, mtaroni, juu ya bati la moto. Sisi tunaangalia alipoangukia, tunamfunika kanga, tunamrudisha juu, tunaondoka.

Na adui wake mkubwa si paka wala nyaya za umeme. Ni sufuria. Kwetu, kivuli kikipita juu ya uwanja, mwenye kuku hafikiri. Anashika kilicho karibu, sufuria, debe, kifuniko, anagonga na kupayuka "Swaaa!" Jirani akisikia anagonga naye, hata kama hajui ndege yuko upande gani, halafu wa tatu, wa nne, mpaka kelele inataka kufika stendi ya Buzuruga. Mwewe mzee aliyezoea kuiba dagaa mwaloni, penye soko la samaki, anajiondokea taratibu. Kinda wa siku ya kwanza anachanganyikiwa, na ombi langu milangoni lilikuwa hilo tu: wasigonge.

Mwaka jana makinda walikuwa wawili. Waliruka asubuhi moja, wakakutana na sufuria zetu, wakaikimbilia barabara ya Musoma, na lori la mchanga likawapitia wote. Niliwaokota mimi. Nikampelekea Riddhi ndani ya mfuko wa unga, akalia mbele yangu bila kujificha, kisha akaniuliza nani alianza kugonga. Nikamwambia sijui. Nilikuwa najua. Nilianza mimi.

Ndiyo maana nilijiunga. Watu walidhani nimewapenda ndege, na Nestory alikuwa akinisifu mbele za wageni. Sikuwapenda hata kidogo. Nilitaka tu mwaka huu waruke wote, hata mmoja asiangushwe na sufuria, ili nimwangalie yule binti usoni bila kukumbuka ule mfuko.

Mwaka huu walitoka watatu. Madume wawili waliruka Jumanne na Alhamisi, na kota nzima ilikaa kimya. Nawaambia, niliona wanawake wameziba midomo kwa kanga, kuku wanapiga kelele miguuni mwao, na hakuna aliyegusa kifuniko. Alhamisi jioni nilimpelekea Rebeka viazi vitamu kwa kumshukuru. Akabaki wa tatu, jike. Kwa kozi jike ni mkubwa kuliko dume, Riddhi alitueleza, naye huchelewa kuruka kwa sababu ya uzito. Rebeka akasema huko ndiko angependa kuzaliwa. Nestory akamwita Bonge, na jina likamkaa.

Bonge alitutesa. Ijumaa kutwa alisimama ukingoni akipigapiga mabawa, anainama, anaangalia chini, anarudi nyuma. Kila akiinama naishika kanga tayari. Sikula mchana ule. Jumamosi nilishika zamu tangu alfajiri hadi saa nne, shingo ikakauka kwa kuangalia juu, hadi Nestory alipokuja kunipokea.

"Nenda kapumzike, mama. Akiondoka nitakupigia."

Nikaenda. Nyumbani vyombo vya jana vilikuwa vinanisubiri. Nikakaa uani kwenye kigoda, nikaanza kusugua sufuria la ugali kwa mchanga, na kuku wangu mwekundu akichakura pembeni na vifaranga tisa wa siku kumi. Nilikuwa nawaza dawa ya mdondo wa kuku na mambo yangu mengine. Kivuli kikapita. Kuku akatoa ile sauti yao ya hatari.

Sijui nisemeje ili mnielewe. Mkono ulinyanyuka wenyewe. Niligonga sufuria kwa mwiko mara tatu, na sauti yangu mwenyewe ikatoka, "Swaaa! Swaaa!", nikiwa nimekwisha kusimama. Pigo la tatu ndilo lililonizindua, na wakati huohuo nikahisi simu inatetemeka kifuani. Alikuwa Nestory.

Nyumba ya pili wakaitikia. Halafu ya tatu. Nilipiga kelele, "Acheni! Acheni, ni mimi!" lakini nani angesikia? Bonge alikuwa anapita juu ya bati la Rebeka, chini mno, mkia umetanuka, anatafuta pa kushika. Akageuka ghafla kukwepa kelele, bawa likagusa waya wa umeme, akazunguka na kuanguka mtaroni kwa kishindo nilichokisikia ndani ya meno.

Nilimfikia wa kwanza. Alikuwa amelala chali, kucha zimeelekezwa kwangu, mdomo wazi, na ndani ya mdomo damu kidogo. Nikavua kanga ya juu, nikamfunika, nikaleta tenga langu la kuku nikamfudikizia. Rebeka ndiye aliyeweka jiwe juu ya tenga. Rebeka akikosa la kusema, ujue pana msiba.

Riddhi alikuja na bodaboda, bado amevaa glavu za kazini. Hakuniamkia. Tangu nimfahamu hajawahi kunipita bila shikamoo, hata siku ya wale wa mwaka jana. Alipiga magoti, akampapasa Bonge mfupa kwa mfupa, akamkunjua bawa, akamkunja.

"Hajavunjika," alisema. "Amejigonga kifua. Nani kagonga?"

Watu walikuwa wamejaa uwanja mzima. Rebeka alitazama chini. Wangenificha, na mwaka jana nilijificha mwenyewe, nikaona si vibaya sana.

"Mimi," nikasema. "Na mwaka jana nilianza mimi vilevile. Nilikudanganya."

Aliendelea kumfunga Bonge ndani ya taulo. Afadhali angenitukana, ningejua pa kuanzia. Alipomaliza akasimama.

"Kesho mchana tutamrudisha. Wazazi wake watamtafuta leo na kesho, kesho kutwa sina hakika. Tukimweka ndani mara ya pili, atakuwa ndege wa kufugwa maisha yake yote." Akapanda pikipiki, boksi mapajani. "Kesho ukae kwako, mama. Ukae juu ya mikono yako."

Usiku sikuupata usingizi, na asubuhi kanisani nilisimama na kukaa kwa kufuata wenzangu tu. Nestory, aliyekuwa mstari wa nyuma, aliniambia Bonge amekula vizuri: Riddhi alinunua kware kule Igoma na kumkatia vipande mwenyewe, yeye ambaye kwao hawali nyama, hata yai halijawahi kuingia jikoni. Nikacheka, halafu nikataka kulia.

Saa saba Riddhi na Nestory walimpandisha Bonge juu ya mnara na kumwacha ukingoni. Mimi nilikuwa nimefungia kuku bandani tangu asubuhi. Nilitoa sufuria zote nje ya macho yangu, nikazirundika chini ya kitanda. Lile la ugali tu ndilo lililobaki uani, lina maji ya kuku. Nikakaa kwenye kigoda. Kota nzima ilikuwa imejipanga vibarazani kama siku ya mazishi.

Saa nane. Saa tisa. Jua lilikuwa linaunguza, upepo wa ziwani haukufika, na Bonge hakusogea. Bandani vifaranga walianza kulia kwa joto. Nikajiambia leo haruki tena, amekwisha kuogopa, na aliyemtia woga ni mimi. Saa kumi na moja nilifungua banda ili wanywe maji. Dakika mbili tu, nilijiambia, nikarudi kigodani.

Simu ikaita.

"Shikamoo, mama," sauti ya Riddhi, ikihema. "Ameondoka. Anakuja upande wako."

Sikuwahi hata kusema marahaba. Bonge alikuja chini chini, akapita juu ya bati la Rebeka, akayumba, akanyoosha miguu kabla hajafika, na akatua kwenye ukuta wangu wa nyuma, hatua kumi kutoka kigodani. Alikuwa anatweta. Akaanza kupiga ukelele ule wa njaa, mfululizo, wa kuita mama.

"Yuko hapa," nikanong'ona.

"Usimsogelee. Usinyanyuke. Mama yake yuko juu yenu anazunguka, anamsikia. Akishuka kumlisha, basi, amempokea. Asiposhuka mpaka jua lizame, itabidi nije na boksi. Mama, unanisikia?"

Nilimsikia. Kuku wangu naye alikuwa anamsikia Bonge. Alikuwa katikati ya uwanja, manyoya yamesimama, vifaranga wamejibana chini yake, wengine nje. Banda lilikuwa hatua nne. Nikinyanyuka kuwafungia, yule wa juu hashuki, na huenda huyu wa ukutani akajitupa tena kwenye nyaya. Na maji ya kuku yalikuwa ndani ya sufuria, na sufuria lilikuwa karibu na mguu wangu.

Nikaweka simu chini. Nikaingiza mikono yote miwili chini ya mapaja, viganja vikagusa kigoda, nikaikalia kwa uzito wangu wote.

Mama kozi alishuka mara ya kwanza, akaona watu, akapaa. Mlangoni kwa Rebeka niliona kifuniko. Alikuwa amekishika, jamani, amekishika kwa mkono wa kulia, na anaangalia vifaranga wangu. Nikatikisa kichwa. Mara ya pili ndege akafika usawa wa bati, akapaa tena. Bonge akaongeza kelele. Jua lilikuwa limegusa mawe ya kilimani, na mimi nilikuwa naomba mambo mawili kwa pumzi moja: ashuke, na awe amebeba njiwa.

Hakubeba njiwa. Mara ya tatu sikumwona anashuka, niliona kivuli tu, kilekile cha jana, na kuku wangu akatoa ile sauti. Kila kitu mwilini kilinyanyuka. Mabega yalinyanyuka, koo likafunguka. Mikono ikajitupa chini ya mapaja kama samaki ndani ya ndoo, nami nikaikandamiza mpaka kigoda kikaalika. Neno lilifika kwenye meno. Nikaliuma.

Alimchukua mweupe, yule aliyekuwa wa mwisho kuanguliwa, niliyemtolea ganda kwa kucha zangu. Akapanda naye mpaka ukutani, akamweka mbele ya Bonge, akaondoka. Bonge alinyamaza. Akatandaza mabawa juu ya chakula chake, akainama, akaanza kula.

Rebeka alikiweka kifuniko chini, polepole, kwa mikono miwili, kama mtu anayelaza mtoto aliyesinzia. Simu pale chini ilikuwa bado inaongea, "Mama? Mama, ameshuka? Ameshuka?" na sikuweza kuiokota.

Bonge alipomaliza alijifuta mdomo kwenye tofali, akatazama juu alikokuwa mama yake, na akaruka kumfuata. Safari hii alikata kona ya nyumba vizuri.

Kuku mwekundu aliwakusanya wanane akawaleta miguuni pangu. Akasimama hapo, shingo juu, akilalamika, ananiangalia mimi na sufuria, sufuria na mimi. Miaka yote ananijua, na kila kivuli kilipopita niligonga. Nikamwomba radhi kwa Kisukuma, maana ndicho ninachowasemesha kuku wangu. Halafu nikatoa mikono, ilikuwa imekufa ganzi, nikaenda kumwingiza bandani.