Tabaka la Saba

Hakuna shairi, London nzima, lililowahi kumshinda Mahir. Ndivyo alivyojinadi tangu siku za skuli, na ndivyo alivyosema tena leo, miguu juu ya kochi la shangazi yake, Bi Ummukulthum, karibu na Edgware Road.

"Shairi lina matabaka saba, shangazi. Watu huishia kwenye ganda. Mimi hufika kwenye kokwa."

"Basi menya hili." Shangazi akamtupia simu. Wifi yake Faridah wa Hayes, anayemuoza binti yake kesho, kamwandikia:

*Sahani yangu sahani, ilitoka imejaa,*
*Imerudi mkononi, tupu, ninaishangaa.*

"Jana sahani yake nimeijaza vileja kwa mikono yangu, nikakupa wewe upeleke. Sahani ya watu hairudi tupu, hata mtoto anajua. Sasa hiyo tupu ni ipi?"

Mahir akasoma mara mbili. Tupu ilikuwa tupu. Vileja vilimwishia ndani ya treni, hata Hayes haijafikwa.

"Usiangalie juu juu, shangazi. Zama. Sahani ni moyo."

"Moyo wangu mtupu?"

"La! Tabaka la tatu: sahani ni nyumba."

"Ananisimanga sina mjukuu!"

"La hasha! La nne, sahani ni dunia, na dunia mapito..."

"Sasa ananitakia kifo!"

Mahir akashika kichwa. Mwanamke huyu kila akizamishwa anaibuka na tusi! "Mbona huniachi nifike la saba?"

"Baki nalo." Bi Ummukulthum akalivuta begi lake la piko na hina lililokuwa tayari mlangoni, akalisukuma nyuma ya kochi. "Bibi arusi na apakwe na mwengine. Kwa Faridah sikanyagi tena, maisha."

Na hakuwa mtu wa kutishia bure. Mahir akafungua mdomo, aseme kweli au azame la tano, mwenyewe hajui, kengele ikalia. Zein, mwenzake wa kazini, kaja kumchukua. Akavua viatu, akainama kwa adabu zote.

"Shikamoo, bi mkubwa. Ahsante kwa vileja vya jana. Huyu kanigaia viwili tu, na mimi ndiye niliyemshikia sahani njia nzima!"

Bi Ummukulthum akaichukua simu yake, akabonyeza jina la Faridah, akamwekea Mahir sikioni.

"Haya, mfasiri. Mwambie wifi yangu la saba."