Usingizi wa Fundi Cherehani

Wenzake walimwita Kadogo kwa sababu ya kimo chake, na kwa sababu koti lake jeupe lilimpwaya kama la kuazima. Alikuwa binti wa mwaka wa nne wa udaktari, hodari wa vitabu, mzito wa kusema. Somo la weledi na maadili lilipofundishwa mchana, joto likiwa kali na matumbo yameshiba, nusu ya darasa walisinzia. Aliyekuwa macho siku zote ni kijana mmoja waliyemwita Wakili, kwa jinsi alivyojua kupanga maneno.

"Mgonjwa ni mtu kwanza, ugonjwa baadaye," Wakili alijibu siku hiyo. Mhadhiri, mama wa makamo mwenye sauti ya upole, akatabasamu. Wakili akaketi, akawanong'oneza waliokuwa karibu: "Hayo ni ya mtihani, jamani. Ya wodini ni mengine." Wakaangua kicheko. Kadogo naye akacheka.

Katika wodi ya wanawake alikuwamo fundi cherehani mmoja, mjane, mwenye uvimbe kwenye kizazi uliomtoa damu mpaka viganja vikapauka. Kadogo alipewa yeye amfuatilie. Walizoeana upesi. Fundi alikuwa na mdomo.

"Nani kakushonea gunia hili?" aliuliza akilivuta koti kwenye bega. "Mwambie arudishe mkasi kwa mwenyewe. Nikipona nitakupunguzia."

Lakini siku ya kuamkia upasuaji mzaha ulimwisha. Alimshika Kadogo mkono, akamvuta karibu.

"Mwanangu, wakishanilaza, nitakuwa sijijui?"

"Hutajijua kabisa, shangazi. Utalala fofofo."

"Basi hapo ndipo ninapoogopa. Kisu sikiogopi. Mimi hata mume wangu, Mungu amrehemu, hakuwahi kuniona taa ikiwaka." Alicheka kidogo, kisha akaacha. "Wewe utakuwemo humo?"

"Nitakuwemo."

"Basi unitazame. Wasinifunue ovyo."

"Ondoa wasiwasi, shangazi. Nitakuwa pale pale."

Daktari bingwa aliyempasua, wanafunzi walimwita Mzee Kisu, wakiwa wamehakikisha hayupo. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomsumbua Kadogo baadaye. Aliwahi kujilaza kitandani akatolewa damu yake mwenyewe ili mzazi mmoja asife, kisha akaosha mikono na kuendelea na kazi.

Asubuhi hiyo, fundi alipokwisha kulala na mpira wa kupumulia umo mdomoni, Mzee Kisu aliwageukia wanafunzi waliobanana ukutani.

"Haya, vaeni glovu. Kabla sijampasua, kila mmoja ampime kwa ndani, ausikie uvimbe. Mwili umelegea, hamtapata nafasi nzuri kama hii."

Shuka ikafunuliwa. Miguu ya fundi ikainuliwa, ikafungwa kwenye vyuma. Taa kubwa ilikuwa inawaka.

Kadogo aliinua mkono. "Daktari, samahani. Tumemwomba?"

Mashine iliendelea kupumua. Juu ya barakoa macho yote yalimgeukia.

"Amekubali upasuaji," alisema Mzee Kisu.

"Upasuaji, ndiyo. Lakini hili..."

Mzee Kisu hakukasirika. Afadhali angekasirika. "Binti, siku si nyingi utapelekwa mahali ambapo daktari ni wewe peke yako. Ataletwa mwanamke anavuja damu, na mkono wako haujawahi kugusa kitu. Utamwambia nini? Kwamba ulikuwa na adabu? Asiyetaka atoke, simlazimishi mtu."

Kadogo aliutazama mlango. Akitoka, atakuwa amemwacha fundi peke yake, naye aliahidi kuwemo. Ndivyo alivyojiambia. Lakini pia aliyaona macho ya Wakili yakimcheka, na akakumbuka kwamba maksi za wodi anazitoa mzee huyu. Akabaki pale pale ukutani. Mmoja baada ya mwingine wakasogea. Wakili alipomaliza alisema, "Kama chungwa," na mtu akaguna kicheko ndani ya barakoa.

Zamu yake ilipofika, Kadogo alivaa glovu.

Na aliusikia. Kitu kigumu, cha mviringo, kikisogea chini ya vidole kama kitabu kilivyosema, na kwa kitambo kidogo moyo wake uliruka kwa furaha, furaha halisi ya mtu aliyeelewa. Kisha akauona mguu wa fundi, kisigino chenye mipasuko, akautoa mkono.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Siku ya pili fundi alikuwa ameketi, anakunywa uji, anamtambulisha Kadogo kwa wagonjwa wa vitanda vya jirani. "Huyu ndiye mlinzi wangu. Nilimkabidhi mwili wangu, akanirudishia salama."

Kadogo akatabasamu, akainamisha uso. Akamfunga bandeji, akaenda moja kwa moja kwa mhadhiri wa maadili.

Mhadhiri alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akainuka, akausindika mlango. "Hata sisi tulifunzwa hivyo hivyo," alisema kwa sauti ya chini. "Unataka kulalamika? Sitakukataza. Ila utawataja wenzako wote, na wewe mwenyewe umo. Na mimi nitaulizwa nilikufundisha nini."

"Sasa nifanye nini, mwalimu?"

"Jifunze, upite. Ukishakuwa na wodi yako, fanya unavyoona wewe."

Siku nzima iliyofuata Kadogo hakula. Bado aliona kwamba kuna mtu mmoja anayestahili kuambiwa, hata kama wengine wote wamekaa kimya. Akajipiga moyo konde, akavuta kiti kando ya kitanda, akamweleza fundi yote. Hakuficha.

Fundi alisikiliza huku akikunja pindo la shuka, akilikunja na kulikunjua.

"Taa ilikuwa inawaka?"

"Ndiyo, shangazi."

"Na wavulana walikuwemo?"

"Walikuwemo."

"Na wewe?"

Kadogo alitaka kusema kwamba aliuliza, kwamba alijaribu. "Na mimi," akasema.

Fundi akageukia ukutani. Kadogo alingoja matusi, yangemsaidia. Hayakuja. Akasema akiwa bado ameukabili ukuta: "Ungeniacha hivyo hivyo nisijue. Nilikuwa nimeshapona."

Kesho yake kitanda kilikuwa kitupu. Fundi alimwita dada yake, akavaa, akaondoka na nyuzi zake tumboni kabla ya ruhusa. Wagonjwa wa vitanda vya jirani walikuwa wamesikia, na sababu ya kuondoka kwake ikaenea haraka. Katika chumba cha kulia, wenzake waliacha kuzungumza Kadogo alipokaa. Wakili alimfuata mpaka bombani.

"Umejisafisha kwa kutupaka sisi," alisema. "Hongera."

Mzee Kisu alimwita pembeni, akavua miwani. Alionekana amechoka. "Umeutuliza moyo wako, sawa. Yeye umemtuliza nini? Kidonda kile kilihitaji macho kila siku." Akavaa miwani, akaenda zake.

Wiki ilipopinduka, dada wa fundi alikuja kwenye dirisha la dawa. Kadogo, aliyemjua tangu alipokuwa akija wodini, alimwona kwenye foleni, akamkimbilia.

"Anaendeleaje?"

"Kidonda kinatoa maji. Usiku anatetemeka." Yule dada alisema bila kumtazama usoni. "Nimemsihi aje, hataki. Anasema hakuna mkono wa daktari utakaomgusa tena akiwa hai."

"Niruhusu nije nyumbani, dada. Nimwone tu."

"Wewe? Jina lako halitajwi kule."

Foleni ilisogea. Kadogo akasogea nayo, akaeleza upesi upesi: maji ya kuoshea kidonda yachemshwe, kitambaa cha kukifungia kipigwe pasi, homa ikizidi aletwe hata kwa kubebwa, bila kungoja. Akarudia mara mbili. Yule dada alisikiliza kwa makini, midomo ikisogea kama anakariri, kisha akamtazama kwa mara ya kwanza.

"Nitajuaje kama haya ni ya kweli?"

Kadogo alirudi nyuma hatua moja, akampisha dirishani.

Yule dada alipokea dawa zake, akazifunga kwenye ncha ya kanga, akatoka. Siku ya kliniki iliyofuata Kadogo alikaa karibu na mlango mpaka wagonjwa wakaisha. Fundi hakuja, wala dada yake. Na ile iliyofuata hivyo hivyo. Kutoka ndani alisikia Wakili akiitwa kumhudumia mgonjwa, kisha akasikia na yeye, Kadogo, akiitwa. Akasimama, akaingia.