Mkate wa Sevda

Habari kwangu hailali. Ndiyo maana pale hotelini, Doha, mimi ndiye niliyetangulia kujua, na kusambaza, kwamba Sevda wa kufua mashuka ni Mroma. Si Roma ya Papa. Ni kabila linalodharauliwa huko kwao Bulgaria. Stoyan, mpishi wa keki, ndiye aliyeninong'oneza.

"Ana pasipoti kama yangu, lakini si mwenzetu. Hao hata nyumbani wanakaa kando ya mji."

Nikacheka. Nikampelekea Jerusha wa mapokezi, Jerusha akaifikisha jikoni.

Siku ya mataifa ikafika: kila nchi na meza yake, bendera yake na chakula chake, kantini ya wafanyakazi imejaa hadi mlangoni. Sevda akaja na blauzi ya tarizi na mkate wa jibini aliouoka mwenyewe. Tangu Jumatatu alikuwa ameniomba picha moja tu, chini ya bendera, amtumie binti yake, ambaye shuleni huambiwa arudi kwao.

Stoyan akaupokea mkate, akauweka katikati ya meza. Kisha akamwambia kwa upole kabisa, "Subiri kando, dada. Kwanza Wabulgaria." Akanigeukia. "Hadijah, piga."

Baba yangu ni Mnubi, mzaliwa wa Kibera, na babake pia. Alipoenda kuomba kitambulisho aliambiwa alete cheti cha babu yake, huku waliokuwa nyuma yake kwenye foleni wakipita. Kisa hicho nimekisimulia mara ngapi kwangu, mtaa wa Fereej Bin Mahmoud hapa Doha, nyumba imejaa, watu wakisonya kwa hasira.

Nikapiga. Nikapiga tatu, isije moja ikatoka na ukungu.

Walipotawanyika, Stoyan akaikunja bendera, eti isimwagikiwe mchuzi.

Nikamfuata Sevda. "Njoo meza yetu, mami. Kuna pilau, bendera ipo, nikupige."

"Mimi si Mkenya, Hadijah."

"Si ni picha tu."

Akanitazama mpaka nikaishusha simu. "Nitumie ile uliyopiga."

"Lakini haumo."

"Mkate umo. Binti yangu ataujua."

Nikamtumia, nikiwa nimeinama kama ninayetafuta kitu sakafuni. Jerusha akaja mbio, sikio tayari.

"Niambie, shoga. Amesema nini?"

"Hajasema kitu," nikamjibu.