Mtulasi wa Mama Kusum

Mama mmoja mgeni alisukuma lango la nyumba ile ya Old Kampala bila kupiga hodi, akaketi barazani akikohoa hadi machozi yakamtoka. Rukiah, aliyekuwa mpishi wa nyumba na bado akilala katika chumba cha uani, hakumuuliza jina. Alichuma majani ya mtulasi, mrehani wa Kihindi uliosimama juu ya jukwaa la matofali, akayachemsha kwa tangawizi.

"Hii dawa ya nani?" mgeni aliuliza akinusa kikombe.

"Ya Mama Kusum, tajiri wangu. Tukikohoa, tukishikwa na homa, alitupikia haya. Tukiumwa na mbu, tulijisugua majani."

"Na yeye iko wapi?"

"Walifukuzwa mwaka jana, Wahindi wote. Aliniomba nimwagilie mti wake wa ibada kila asubuhi, nikamwahidi."

Mgeni alikunywa polepole, kifua kikalegea. Ndipo akasema yeye ni Akidi, mama yake Sajini Obwona, ambaye serikali ilimpa nyumba hii. Mwanawe angehamia kesho.

"Wewe kaa. Mimi napenda mpishi anajua dawa. Chumba ni yako. Lakini hii mti itoke. Mtoto yangu hataki mungu ya Mhindi kwa nyumba yake. Akikuta, anakata."

"Si mungu wangu, mama. Mimi ni Mwislamu. Ni ahadi tu."

"Ahadi na mtu hayuko?"

"Yeye hayuko. Mti upo."

Akidi alicheka, kikohozi kikamkatiza. "Kichwa yako ngumu kuliko ya mtoto yangu."

Rukiah alikipenda chumba kile. Hakuwa na kingine, ila sakafu ya dada yake Maimunah kule Bukoto, pamoja na watoto wote wa dada huyo. Hata hivyo aliung'oa mtulasi na udongo wake, akautia katika debe. Akidi alimsaidia kujitwika, huku akimwita mjinga. Rukiah alimwachia matawi mawili.

"Chemsha asubuhi na jioni, mama. Usisahau tangawizi."

Usiku huo kule Bukoto alilala na miguu ya watoto mgongoni. Kulipokucha, bomba la mtaa lilikuwa kavu. Mtungini kulibaki kikombe kimoja cha maji, ambacho Maimunah alikuwa amemwekea Rukiah kwa chai. Rukiah alikitoa nje, akachuchumaa, akamimina maji taratibu ndani ya debe hadi udongo ukashiba.