Kitabu Kilichoazimwa Mara Kumi na Moja

Uongo wangu niliuandika kwa kalamu tatu: ya bluu, nyeusi, na nyekundu iliyokaribia kukauka, ili daftari la kuazima lionekane limeshikwa siku nyingi. Jumamosi nzima nilijifungia maktabani nikijaza majina ya wanafunzi, kwa kuwa Jumatatu mkufunzi wa wakutubi wa shule angekuja, na angechagua mmoja wetu akasomee kazi hii kwa miezi mitatu. Nafasi ile niliitaka kufa na kupona. Mimi ni mwalimu wa lugha, ufunguo wa maktaba nilikabidhiwa kwa maneno haya tu: "Wewe si unapenda vitabu?"

Mkufunzi, mama wa makamo mwenye sauti ya upole, alilifungua daftari langu mbele ya wakutubi wanne wa shule jirani.

"Tazameni kazi hii. Kitabu cha sayari, mara kumi na moja muhula huu! Hebu kilete, mwanangu, tuone kilivyochakaa."

Nilikwenda kwenye rafu, nikarudi nacho. Kilikuwa bado ndani ya nailoni ya dukani, kinang'aa.

Mkutubi mmoja, kaka mwenye kitambi ambaye utani haumpiti, akasema, "Jamani, watoto wa hapa kiboko. Wanasoma kwa kupapasa!"

Wakaangua kicheko. Mkufunzi hakucheka. Aliweka kidole kwenye jina la mwisho. "Huyu yupo shuleni leo?"

Akaitwa. Msichana wa darasa la sita, mwembamba, sweta limefumuka kiwikoni. Alisimama kizingitini, akaitazama sakafu yangu niliyoipiga deki mpaka ikawa kioo, akauliza kwa sauti ndogo, "Mwalimu, nivue viatu?"

Miaka minne nimeshika ufunguo, na mtoto yule hakujua watu huingiaje maktabani. Uso uliniwaka. Sikuwa na pa kuyaweka macho.

"Ingia navyo hivyo hivyo," nilimwambia. Nailoni niliichana kwa meno. "Chukua. Jina lako nimelitumia vibaya. Nisamehe."

Alikipokea kwa mikono miwili, akakaa kwenye kiti cha karibu kabisa na mlango, kama mtu anayengoja kufukuzwa.

Mkufunzi akanivuta kando, ingawa chumba ni kidogo na wote walisikia. "Mwanangu, kazi unaiweza. Nimeona ulivyopanga rafu. Utuombe radhi mimi na wenzako, yaishe, niandike jina lako."

Kalamu alikuwa nayo mkononi.

"Mama," nikasema, "niliandika barua tatu ofisini kwenu kuomba mtu aje anifundishe. Sikujibiwa hata moja. Kilipopotea kitabu kimoja tu, siku hiyohiyo mlituma watu wawili wakanihoji kama mwizi. Ndipo nikaufunga mlango, kisipotee kingine. Mbele ya mtoto huyu nina aibu nitakayozikwa nayo. Lakini nyinyi?"

"Dada, acha kiburi," kaka mwenye kitambi akaninong'oneza, safari hii bila utani. "Sema samahani upate nafasi."

"Nafasi apewe mwingine. Siombi radhi."